Skripti ya Star Trek yenye saini za waigizaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu skripti za mfululizo wa kwanza wa Star Trek, ule wa Kapteni Kirk na Spock. Mengi ya yaliyomo yatakufaa hata kama skripti uliyonayo ni ya tamthilia nyingine ya zama hizo.

Skripti ya asili ni ipi hasa?

Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, ilianza kurushwa na kituo cha NBC nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikakoma tarehe 3 Juni 1969 baada ya misimu mitatu na vipindi 79. Skripti ya kila kipindi ilitolewa nakala nyingi, kwa sababu mwongozaji, waigizaji, wapiga picha, watu wa mavazi na wa seti wote walihitaji kuwa nayo mkononi. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ndiyo skripti yenyewe", jua muuzaji anatia chumvi. Nakala za asili ni nyingi, na zimepangika katika ngazi tatu.

Ngazi ya juu ni nakala ya kazi, iliyotolewa na studio wakati kipindi kinatengenezwa. Inayofuata ni nakala za mashabiki. Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, alikuwa na kampuni ya kuuza bidhaa kwa posta, Lincoln Enterprises, iliyowauzia mashabiki nakala za skripti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Nakala hizo ni za kale na ni halali, ila hazikuwahi kufika kwenye seti. Ngazi ya chini ni nakala za juzijuzi, zilizopigwa fotokopi au kutolewa kwenye printa ya nyumbani, mara nyingi saini zikiwa zimechapwa humohumo kwenye jalada.

Mtu akikuuzia ya ngazi ya pili kwa bei ya ngazi ya kwanza, saini inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ukawa umepigwa. Karatasi ina maswali yake na saini ina yake. Usiruhusu jibu la moja likufumbe macho kwa nyingine.

Nitaijuaje nakala ya kazi?

Anza na kurasa zenyewe. Skripti ya studio ilibadilishwa hadi siku ya kupiga picha. Kila mabadiliko yalipotoka, kurasa mpya zilichapwa kwenye karatasi ya rangi nyingine (buluu, waridi, njano, kijani), zikaandikwa tarehe juu, na mistari iliyoguswa ikawekewa nyota pembeni kulia. Mwenye skripti alichomoa ukurasa wa zamani akachomeka mpya. Mpangilio wa rangi haukuwa mmoja kwa studio zote, kwa hiyo usihukumu kwa rangi pekee. Kinachohukumu ni tarehe.

Chukua daftari, uchore safu tatu: namba ya ukurasa, rangi, tarehe. Pitia skripti nzima. Ya kipindi cha saa moja huwa na kurasa zaidi ya 60 hivi, zenye utangulizi mfupi na sehemu kuu nne. Mambo haya ni ya kawaida, yasikutishe: ukurasa wenye herufi (12A baada ya 12), kwa kuwa waliongeza onyesho bila kutaka kubadili namba za kurasa zinazofuata, ukurasa mmoja wenye namba mbili, kwa kuwa onyesho lilikatwa, kurasa mbili zenye namba ileile, ya zamani na mpya, kwa kuwa mwenyewe hakutupa ya zamani.

Yasiyo ya kawaida ni haya. Rangi ileile ikiwa na tarehe zinazorukaruka bila mpangilio. Skripti nzima ikiwa nyeupe, ilhali tarehe za juu zinaonyesha kurasa zilibadilishwa mara tatu au nne. Hapo mtu amenakili skripti ya rangi kwenye karatasi nyeupe. Na tarehe iliyo baada ya kipindi kupigwa picha haina maelezo kabisa. "The Trouble with Tribbles", kwa mfano, ilirushwa tarehe 29 Desemba 1967 lakini ilipigwa picha Agosti mwaka huo. Ukurasa wa "mabadiliko" wenye tarehe ya Desemba ungekuwa unambadilishia nani?

Jina la studio kwenye jalada lina maana yoyote?

Lina maana kubwa. Star Trek ilianza chini ya studio ya Desilu. Mwaka 1967 Desilu ilinunuliwa na Gulf+Western, iliyokuwa tayari inamiliki Paramount, na jina la Desilu likaondolewa. Skripti ya msimu wa kwanza, wa 1966 hadi masika ya 1967, haina sababu ya kubeba jina la Paramount. Ukiliona, ama jalada limebadilishwa au nakala yote ni ya baadaye.

Angalia pia namba ya uzalishaji. Vipindi havikurushwa kwa mpangilio wa kutengenezwa: "The Man Trap" kilirushwa cha kwanza lakini kilikuwa cha 6 kutengenezwa, "The City on the Edge of Forever" kilikuwa cha 28, na "Tribbles" cha 42. Waghushi wavivu hunakili orodha ya tarehe za kurushwa na kuigeuza kuwa namba za uzalishaji. Kosa dogo, lakini huwakamata wengi.

Chini ya kioo cha kukuzia nitazame nini?

Tafuta lenzi ya mara 10, ile ya masonara. Tazama maandishi kwanza, saini baadaye.

Studio za miaka ya 1960 zilitumia sana mashine ya kudurufu kwa stensili, ndugu wa ile iliyotoa mitihani ya shule zetu kwa miaka mingi. Wino wake huzama ndani ya karatasi laini inayonyonya. Kingo za herufi zina manyoya kidogo, weusi haulingani kutoka mstari hadi mstari, na herufi "o" mara nyingine hutokea kama doa jeusi lililojaa, kwa sababu taipureta iliikata stensili duara zima na kipande cha katikati kikadondoka. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, wino haung'ai.

Fotokopi na printa ya leza ni kinyume: wino wa unga hukaa juu ya karatasi kama ngozi nyembamba na hung'aa ukiinamisha. Pembeni mwa herufi kuna chembechembe nyeusi zilizotawanyika. Dalili inayofurahisha kuliko zote ni vivuli vya vitu ambavyo havipo. Duara la kijivu la tundu lililokuwa kwenye karatasi nyingine, kivuli cha pini, au mkunjo ambao ukipapasa kwa kidole haupo. Hiyo ni picha ya skripti.

Kuna na ile tochi ya dukani ya kukagulia noti bandia. Karatasi za kisasa zina dawa ya kung'arisha weupe, nazo huwaka buluu-nyeupe chini ya mwanga huo. Lakini dawa hiyo ilianza kuingia kwenye karatasi miaka ya 1950, kwa hiyo ukurasa wa 1967 unaowaka haujashindwa mtihani. Itumie kulinganisha: ukurasa mmoja ukiwaka katikati ya kurasa sitini zilizofifia, uliza huo ulitoka wapi.

Na saini zenyewe?

Kagua kwa hatua hizi, na usiziruke.

Kwanza, je, ni wino au ni picha ya wino? Chini ya lenzi, saini iliyochapwa kwa printa ya wino huvunjika kuwa vidoti vya buluu, zambarau na njano. Kalamu ya biki huacha mfereji. Weka tochi ubavuni mwa karatasi kwa mwanga wa kulala na utauona, kisha geuza ukurasa upapase nyuma. Makapeni haichimbi, ila wino wake hufuata nyuzi za karatasi na mara nyingi hutokeza upande wa pili.

Pili, tazama mwendo. Mtu aliyesaini jina lake mara elfu huandika haraka. Mistari huanza na kuisha kwa ncha iliyochongoka, kwa sababu kalamu inatua na kuondoka ikiwa mbioni. Anayeiga huchora. Mistari yake huisha butu, unene haubadiliki, na kwenye kona kuna vituo vidogo ambapo wino umejikusanya. Hata hivyo, mkono wa mzee nao hutetemeka. James Doohan, aliyemwigiza Scotty, alistaafu shughuli za hadhara mwaka 2004 akiwa mgonjwa, na akafariki mwaka uliofuata. Tofauti ni kwamba mtetemo wa mzee hutembea na mstari wote, ilhali wa mwigaji hujitokeza pale herufi inapokuwa ngumu.

Tatu, linganisha na mifano kumi au zaidi ya mtu huyohuyo, ya miaka ya karibu. Saini ya 1968 na ya 1998 za mtu mmoja zinaweza kuonekana kama za ndugu wawili. Na ukipata mfano mtandaoni unaolingana na yako mstari kwa mstari, usishangilie. Hakuna anayesaini sawasawa mara mbili. Moja ya hizo imenakiliwa, au zote mbili zimetoka kwenye mashine ya kusainia.

Kalamu inaweza kunipa tarehe?

Inaweza kukupa tarehe ya mapema zaidi, basi. Makapeni ya Sharpie iliingia sokoni 1964, kwa hiyo makapeni kwenye skripti ya 1967 haina tatizo. Kalamu za jeli zilianza miaka ya 1980, na makapeni za dhahabu na fedha zilizagaa baadaye pia. Saini ya jeli si lazima iwe bandia. Waigizaji wamesaini skripti za zamani kwenye makongamano ya mashabiki kwa miongo mingi. Ila muuzaji akisema "ilisainiwa kwenye seti" huku wino ni wa jeli, amejikaanga kwa mafuta yake.

Skripti ina saini za waigizaji wote. Je, ni dalili nzuri?

Ni dalili ya kukaa macho. Chukua tarehe za vifo uziweke mezani: Gene Roddenberry 1991, DeForest Kelley (Dakta McCoy) 1999, Doohan 2005, Majel Barrett (Nesi Chapel) 2008, Leonard Nimoy (Spock) 2015, Nichelle Nichols (Uhura) 2022. Saini ya Kelley inaifunga skripti yako kabla ya katikati ya 1999. Ikiwa jalada ni la printa ya miaka ya 2010, kazi imekwisha, huna haja hata ya lenzi. Saini ya Gene L. Coon, mwandishi na mtayarishaji aliyefariki 1973, ni adimu kuliko za waigizaji wengi, lakini kwa kuwa jina lake halijulikani sana mitaani, waghushi humsahau.

Kisha uliza nani alikuwepo. Walter Koenig (Chekov) aliingia msimu wa pili, kwa hiyo hayumo katika skripti yoyote ya msimu wa kwanza. George Takei (Sulu) alikosa vipindi kadhaa vya msimu wa pili kwa kuwa alikuwa anaigiza filamu nyingine, na "Tribbles" ni kimojawapo. Saini yake kwenye skripti ya "Tribbles" yaweza kuwa halisi, iliyopatikana kongamanoni, lakini hadithi ya "wote walisaini siku ya mwisho ya kupiga picha" imekufa hapohapo.

Skripti za "The City on the Edge of Forever" mbona zinatofautiana?

Kwa sababu Harlan Ellison aliandika rasimu yake, kisha watu wa ndani, akiwemo Coon, D.C. Fontana na Roddenberry mwenyewe, wakaiandika upya kwa kiasi kikubwa kabla ya kurushwa tarehe 6 Aprili 1967. Ellison hakuwasamehe, na rasimu yake akaja kuichapisha kama kitabu. Kwa hiyo kuna maandishi mawili tofauti yenye jina moja. Muuzaji asiyekutajia ni rasimu ipi na ya tarehe gani hajui anachouza, au anajua sana.

Kuna skripti zenye Kiswahili ndani?

Ndiyo, na kwa msomaji wa Kiswahili hizo ndizo za kuwinda. Jina Uhura limetokana na neno letu "uhuru". Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru, na jina likazaliwa kutokana na mazungumzo hayo. Katika "The Man Trap", kiumbe aliyejigeuza kuwa baharia Mwafrika anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Katika "The Changeling", kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1967, Uhura amefutwa kumbukumbu, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Ukipata mojawapo, fungua ukurasa huo kwanza uone jinsi maneno yalivyoandikwa. Usitarajie Kiswahili sanifu.

Nichols alisaini vitu vingi katika maisha yake, kwa hiyo saini yake si adimu. Saini yake kwenye ukurasa huohuo wenye Kiswahili ni habari nyingine.

Hati ya uthibitisho inatosha?

Hati iliyotolewa na muuzaji mwenyewe ni karatasi ya pili aliyokuuzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uchunguzi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen uliwanasa watu waliokuwa wakighushi saini, hasa za wanamichezo, na hati zake pia. Kampuni za kujitegemea kama PSA/DNA, JSA na Beckett hukagua saini kwa ada na kuipa kibandiko chenye namba unayoweza kuitafuta kwenye hifadhidata yao. Usiishie kuona kwamba namba ipo. Soma maelezo yake: namba inaweza kuwa ya kweli, lakini ya picha ya Nimoy aliyouziwa mtu mwingine. Na kumbuka, kampuni hizo hukagua saini, si skripti. Kibandiko hakisemi lolote kama karatasi ni ya 1967 au ya jana.

Kinachoshinda hati ni historia ya umiliki: barua ya mtu aliyefanya kazi studio, picha ya mwigizaji akisaini nakala hiyohiyo (tafuta mkunjo au doa linaloitambulisha), au namba ya mnada. Christie's ya New York, kwa mfano, iliuza vitu vya Star Trek kutoka ghala la studio Oktoba 2006, na orodha ya mnada huo ipo. Anayedai kitu chake kilitoka pale anapaswa kukupa namba ya loti bila kutafuta maneno.

Maneno gani kwenye tangazo yanipe wasiwasi?

"Reprint", "facsimile", "pre-print", na herufi RP au PP zilizojificha mwishoni. Yote yanamaanisha saini imechapwa. Wauzaji hawa hawadanganyi kisheria, wanategemea usisome hadi chini. Picha moja tu ya jalada, iliyopigwa kwa mbali, ni kasoro nyingine. Omba picha za ukurasa wa jina, kurasa tatu za rangi tofauti, na saini kwa karibu kutoka mbele na nyuma. Lipa kwa njia inayoweza kurudisha pesa. Kumtumia mgeni pesa kwa simu ni kutupa jiwe baharini.

Nataka kusainisha skripti yangu. Nifanyeje?

Chagua ukurasa wa jina au jalada, si katikati ya mazungumzo. Tumia wino wa buluu: haufanani na maandishi, na huonyesha wazi kwamba si fotokopi. Kwa jalada gumu, makapeni yenye ncha nyembamba. Kwa karatasi laini, kalamu ya wino wa pigimenti, kwani makapeni itavuja hadi ukurasa wa chini. Weka kadibodi chini ya ukurasa. Mwache mwigizaji aandike, kisha subiri angalau dakika tano kabla ya kuugusa, na usiuingize kwenye plastiki siku hiyo. Ukiomba aandike "Kwa Juma", jua umefurahisha moyo lakini umempunguza mnunuzi wa kesho, isipokuwa naye ni Juma.

Niitunzeje, hasa nikiwa pwani?

Karatasi hupenda nyuzijoto 18 hadi 22 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hewa huzidi unyevu huo karibu mwaka mzima, kwa hiyo rafu ya wazi haifai. Tumia sanduku la plastiki la polipropilini linalofunga vizuri, ndani uweke kipimo kidogo cha unyevu na pakiti za silika jeli, na ukaushe pakiti hizo kila kipimo kinapopanda. Usiliweke sakafuni wala kando ya ukuta wa nje wa nyumba, ambako unyevu hupanda na mchwa hupita. Mende na wadudu wala karatasi huvutwa na gundi na wanga.

Kila ukurasa wenye saini uweke kwenye mfuko wa poliesta, si PVC, kwani PVC hutoa mvuke unaoyeyusha wino na kuufanya uhamie kwenye plastiki. Pini za shaba zikiwa zimeota kutu ya kijani, zitoe taratibu, ziweke kwenye bahasha yenye lebo na usizitupe: ni sehemu ya kitu. Selotepu ni mwiko. Laminesheni ni mwiko mkubwa zaidi, maana haitoki tena.

Saini zinapoteza rangi? Jua na taa ndizo zinazokula. Wino wa makapeni hufifia haraka kuliko wa biki. Ukitaka kuitundika ukutani, tundika nakala ya rangi iliyochapwa vizuri, ya asili ibaki gizani.

Naweza kuiskani na kuiweka mtandaoni?

Umenunua karatasi na wino. Haki ya maandishi bado ni ya studio, na skripti kuwa ya zamani hakuibadilishi hiyo. Skani moja ya kumbukumbu zako kwa ajili ya bima ni jambo la busara: kila ukurasa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi (dpi), na saini kwa 600, mbele na nyuma. Skani ya saini usiisambaze kwa ubora wa juu. Mghushi mwenye printa nzuri anaitafuta hiyohiyo.